Siasa za Clint Eastwood kwa macho ya Mtanzania aliye Marekani

Huku Marekani ninakoishi, jina la mwigizaji na mwongozaji wa filamu Clint Eastwood likitajwa, wengi humhesabu mara moja kuwa mtu wa Republican, na ushahidi wao ni ule wa Tampa mwaka 2012, alipokihoji kiti kitupu katika mkutano mkuu wa chama hicho kana kwamba Barack Obama amekikalia. Hotuba ile, kwa maoni yangu, ilikuwa dhaifu, na ni bahati mbaya kwamba imefunika misimamo yake mingine.

Mwaka 2013 mzee huyo, aliyezaliwa mwaka 1930, aliungana na wanachama kadhaa wa Republican kutia saini waraka wa kuunga mkono ndoa za jinsia moja mbele ya Mahakama ya Juu, jambo ambalo chama chenyewe kililipinga. Aliwahi pia kuipinga vita ya Iraq, na mwaka 2020 alieleza kwamba angependelea Michael Bloomberg, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta urais kupitia Democratic. Mtu anaweza kutokubaliana naye katika yote hayo, lakini walau kuna hoja za kubishaniwa.

Kwetu Tanzania, msimamo wa msanii hutambuliwa kwa rangi ya fulana aliyovaa jukwaani wakati wa kampeni. Mwigizaji Wema Sepetu alipohamia CHADEMA mwaka 2017, na baadaye aliporejea CCM, nilisikia mengi kuhusu uaminifu wake na machache mno kuhusu sera. Sidhani kosa ni lake peke yake, kwa kuwa hata sisi mashabiki hatukumuuliza.

Kinachonivutia zaidi kwa Eastwood, hata hivyo, ni udogo wa cheo alichokitafuta. Baada ya kuzozana na halmashauri kuhusu kibali cha ujenzi, aligombea umeya wa Carmel-by-the-Sea, mji mdogo wa pwani ya California, akashinda mwaka 1986, akatumikia miaka miwili na kuondoka bila kugombea tena. Nyota wetu wakiingia katika siasa hulenga Bunge, kama walivyofanya wanamuziki Sugu mwaka 2010 na Professor Jay mwaka 2015, nao wote wawili walishinda. Nyota wa filamu anayegombea uenyekiti wa serikali ya mtaa kwa sababu ya kibali cha ujenzi bado sijamsikia, ingawa vibali hivyo vinawasumbua wengi.