Magdi Rúzsa wamemfanya wao, sisi wetu walioko nje vipi?

Nyie mnaofuatilia Bongo Star Search huko nyumbani, huku Hungaria kuna dada anaitwa Magdi Rúzsa, alishinda Megasztár, shindano la kuimba la televisheni ya TV2, mwaka 2006, mwaka uleule ambao Valerie Kimani wa Kenya alichukua Tusker Project Fame. 2007 akaenda Eurovision, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kule Helsinki akapiga blues, akashika nafasi ya 9, na bado anajaza kumbi kubwa za Budapest. Ana sauti ya mkwaruzo flani hivi, akipandisha unadhani koo linachanika, ila haachii.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni alikotoka. Magdi ni mzaliwa wa Serbia, amekulia Kishegyes, kijiji cha Vojvodina, mkoa wa kaskazini mwa Serbia, ambako Wahungaria wapo toka enzi za mababu, ni mipaka tu ilichorwa upya 1920 baada ya vita wakajikuta nchi nyingine. Sasa Desemba 2004 Hungaria walipiga kura ya maoni kama hao ndugu zao wa nje wapewe uraia, ikafeli, watu hawakujitokeza vya kutosha, na kule ng'ambo ya mpaka iliwauma mno. Haijapita hata miaka miwili nchi hiyohiyo inashika simu inampigia kura binti wa kulekule awe staa wao!! Kuna mama nafanya naye kazi jikoni, wimbo wa Magdi ukianza redioni anafuta unga mikononi, anaongeza sauti, anasema huyu mtoto wetu. Serbia hata haitaji.

Na uraia wenyewe ukaja, bunge lilipitisha sheria 2010, mtu wa Kishegyes anaomba pasipoti ya Hungaria bila kuhama kwao. Sisemi Magdi ndo kaileta, siasa zake zilikuwa nyingi, nasema tu walianza kwa kumkubali mtu moyoni na karatasi zikafuata.

Kwetu Bongo moyo upo jamani, Mtanzania aking'ara nje kila status ni bendera, ila akichukua tu pasipoti ya huko, uraia wa Tanzania kwisha habari yake. Rafiki yangu alifiwa na mama akarudi kuzika, pale eapoti Dar akapanga foleni ya wageni na kulipia viza, kwao alikozaliwa, na msiba kichwani. Hii sio haki hata kidogo. Wanasema usalama, wanasema uzalendo, mbona Kenya waliruhusu uraia pacha kwenye katiba ya 2010 na Mkenya kabaki Mkenya?

Mke wangu ni wa huku, binti yetu anaimba Magdi asubuhi jioni anaimba Nandy na Kiswahili chake kimenyooka. Akifika 18 sheria yetu inamtaka achague nchi moja. Waheshimiwa wabunge, ibadilisheni kabla hajafika huko.