Karanga za Uyole na Swali la 17

Yule rafiki yangu (anajijua) ameshatangaza kwenye grupu la darasa kwamba nimeuza madodoso ya utafiti ninunue chipsi mayai. Uongo mtupu. Sikuuza hata moja. Yalitolewa bure, na hilo ndilo linaloniuma.

Mnaonifuata mnajua nilikuwa Rungwe mwezi mzima nawahoji wakulima wa parachichi kuhusu mapato yao. Madodoso 120, kurasa sita kila moja. Msimamizi wangu alinionya mapema: usiandike majina, andika namba, na orodha ya nani ni namba ngapi uiweke mbali. Mimi nikaona namba zitanichanganya, nikaandika majina kamili, mpaka la babu. Akasema tena: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na zile nyingine. Yangu ilikuwa moja, kwenye kiroba cha mbolea, uvunguni kwa mama mdogo, Uyole. Kwenye kompyuta nilishaingiza madodoso 40, nikajipongeza kwa kulala.

Na ile karatasi ya ridhaa waliyosaini wale wazee ilisema taarifa zao zitatunzwa kwenye kabati lenye kufuli. Kabati lipo. Kufuli lipo. Nimefungia viatu.

Sasa Jumamosi natoka Tukuyu na Coaster, nimebanwa katikati ya kiti, mkungu wa ndizi wa mtu uko miguuni. Kufika Uyole, dogo wa karanga akanyoosha mkono dirishani. Nikanunua za 200. Mama aliyekaa pembeni yangu naye akachukua, na watu watatu wa kiti cha nyuma.

Nikafungua kikaratasi. Nikatafuna kwanza. Halafu nikaona mwandiko. Unajua unavyoukuta mwandiko wako mahali usipoutarajia, unauona mzuri kabla hujaogopa? Nikasema moyoni, huyu mtu anaandika vizuri.

Ni mimi.

Mama naye alikuwa kwenye kikaratasi chake, anasoma polepole kwa sauti, kidole kinafuata mstari. "Swali la kumi na saba. Je, mwenza wako anafahamu kiasi unachopata kwa mauzo ya parachichi?" Akamenya karanga. "Hapana." Akamenya nyingine. "Kama hapana, toa sababu. Akijua atataka tujenge kwao."

Coaster nzima ikacheka. Mama hakucheka. Aligeuza karatasi, akaangalia juu kwenye jina. Jina silitaji, ila linaanza na "Mwa", na kwa Rungwe hapo bado nimemficha vizuri tu.

"Huyu," akasema, "si shemeji yangu?"

Kiti cha nyuma nao wakaanza kusoma za kwao. Mmoja ana mkopo wa saccos ambao nyumbani hawaujui. Mwingine shamba lake la pili liko Busokelo. Msimamizi husema siku hizi dunia inataka data ziwe wazi. Mwalimu, zilikuwa wazi mpaka dirisha la nyuma.

Ajabu, hapo hapo nikakumbuka semina yote: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata tarehe! Kwenye jaribio nilikosa.

Nikavuta kofia usoni. Mama akashuka na kidole mpaka chini kabisa ya ukurasa, pale kamati ya maadili inapotaka mtafiti aweke namba yake ya simu ili mshiriki akiwa na malalamiko apige. Mama alikuwa na malalamiko. Akatoa simu. Akabonyeza tarakimu moja moja, anazitaja, na mimi nazisindikiza moyoni: saba... tano... tatu...

Mlio wangu ni jogoo.

Akawika mfukoni. Konda akauliza nani kapanda na kuku hajamlipia. Mama akanitazama, simu bado iko sikioni, akasema ndani ya simu: "Haloo, baba. Za utafiti?"

Nikajibu kwa simu. Sijui kwa nini. "Nzuri, mama. Shikamoo."

Akakunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Hii naipeleka kwa dada."

Yaliyobaki ni mafupi. Mama mdogo aligawa kiroba kwa jirani anayekaanga karanga: "Mwanangu, si yalikuwa yanaleta panya?" Nilinunua ndoo nzima ya karanga, nikaokoa kurasa 31 zenye mafuta. Kamati imeambiwa, wazee nimewarudia mmoja mmoja kuomba radhi. Kwa shemeji wa yule mama nilisimamia barabarani. Naanza upya, kwa namba.

Jana nimepita Uyole, yule dogo akanikimbilia: "Braza, zile karatasi zipo zingine? Wateja wanauliza za kusoma."