Kabla ya Kuchangia Kifaa, Tuulize Kitaingizwaje

Mtoto wa mtu akiambiwa anahitaji kipandikizi cha koklea, kifaa kinachoingizwa ndani ya sikio ili asikie kwa umeme, hapa Mombasa mambo huenda kwa mtindo ule ule. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, inawekwa picha ya mtoto, namba ya M-Pesa na tarakimu yenye masifuri ya kutisha, na kuanzia hapo gumzo lote ni la pesa. Siku ya kumwona daktari, mzazi ana swali moja tu: "Daktari, mwanangu atasikia?" Ni swali la haki kabisa. Ila liko jengine ambalo sijapata kulisikia, nalo kwangu ni zito vilevile: huo uzi wa kifaa unaopeleka umeme ndani ya sikio mtauingizaje, na ule usikivu kidogo aliobakiwa nao mtauhifadhi vipi?

Maana wengi tunaowaita viziwi hawaishi katika kimya kitupu. Shangazi yangu ni mmoja wao. Honi ya feri ya Likoni anaisikia, adhana anaisikia, mlango ukigongwa kwa ngumi anageuka. Sasa mpeleke Marikiti. Muuzaji akimwambia "sitini", yeye anahesabu tisini, kwa sababu kinachomfikia ni ile "i" mara tatu. "S" na "t" zimepotelea njiani. "Sauti naipata," husema, "maneno ndiyo yanayonikimbia." Kifaa cha nyuma ya sikio kinamwongezea kelele, hakimwongezei maneno.

Sababu iko ndani kabisa ya sikio. Koklea, kiungo cha kusikia chenye umbo la konokono, imejisokota mizunguko miwili na nusu hivi, na upana wake haufiki sentimita moja. Imejaa majimaji, na juu ya utando wake zimepangwa seli za nywele zipatazo 15,000, ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Za kupokea sauti nyembamba ziko mlangoni, za sauti nzito ziko mwisho kabisa, kileleni. Za mlangoni ndizo aghalabu hutangulia kufa. Na uzi wa elektrodi huingilia huko huko mlangoni! Kwa hivyo daktari mwangalifu anaweza kuupa umeme upande uliokufa na kuuacha salama ule ulio hai, mtu akaipata "s" kwa umeme na adhana kwa sikio lake mwenyewe. Daktari Christoph von Ilberg na wenzake wa Frankfurt, Ujerumani, walilieleza jambo hili mwaka 1999, na tangu hapo watu wengi wamefaidika nalo.

Daktari asiye mwangalifu naye? Uzi ukisukumwa kwa nguvu hufika kwenye kona ya mzunguko wa kwanza ukagonga ukuta, na pengine ukatoboa utando na kuhamia chumba cha juu cha koklea, ambako haukutakiwa uwepo. Ukiingia kwa kasi, majimaji yanabanwa na shinikizo linapanda ghafla. Damu na vumbi la mfupa vikidondokea ndani huleta uvimbe, uvimbe ukaleta kovu, na kovu baadaye likaweza kugeuka mfupa. Mgonjwa atasikia kwa mashine, ndiyo, na huenda familia ikashangilia. Hakuna atakayejua kilichopotea.

Zamani hilo halikuwa na uzito. Daktari William House alipoanza kuwapandikiza watu huko Los Angeles mwaka 1961, waliopandikizwa walikuwa hawasikii chochote. Cha kuhifadhi kilikuwa wapi? Mwaka 1993 ndipo Ernst Lehnhardt wa Hannover, Ujerumani, alipoandika kuhusu upasuaji wa upole: tundu liwe dogo, majimaji yasinyonywe, damu isiachiwe kuingia, uzi uende taratibu. Waliomfuata wakaongeza mengine. Badala ya kutoboa koklea kwa keekee, wengi sasa hupitia dirisha la mviringo, uwazi aliouweka Mungu mwenyewe, uliozibwa na ngozi laini tu. Nyuzi zimekuwa nyembamba na nyumbufu zaidi. Na ipo njia ninayoipenda kuliko zote: wakati uzi unaingia, sikio linachezewa sauti, na elektrodi yenyewe inasoma seli zinavyoitikia. Mwitikio ukishuka, daktari anasimama, anaurudisha uzi kidogo, anasubiri.

Hapo ndipo huambiwa, "Hayo ni ya Ulaya, ndugu yangu. Sisi hata kifaa chenyewe tunakiombea harambee." Sikubaliani. Katika hesabu nzima ya upasuaji huu, upole ndio kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ni ya zamani na si ghali. Kupitia dirisha la mviringo hakuhitaji mtambo mpya. Kilichobaki ni muda, na ni dakika chache tu za kuuendesha uzi polepole. Mama zetu wanaoshona kofia za vito wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: sindano ikikokotwa kwa pupa, kitambaa kinajikunja na kazi yote inaharibika.

Roboti zipo, na zina maana yake. Chini ya mwendo fulani mkono wa binadamu hauwezi kwenda sawasawa, unaenda kwa kurukaruka, ilhali mashine haichoki wala haitetemeki. Lakini sisemi hospitali ya rufaa pale Makadara inunue roboti kesho. Nasema mazoea mema yasisubiri roboti.

Na mtoto aliyezaliwa hasikii kabisa, upole wa nini? Kwanza, jirani na koklea kuna viungo vya mizani, na mtoto anayejifunza kutembea anavihitaji. Pili, mtoto wa miaka miwili ataishi na kifaa hiki miongo kadhaa. Siku moja kitaharibika, na daktari mwengine atapita njia ile ile kuweka kipya. Akikuta kovu na mfupa, atamlaumu nani? Isipokuwa mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Yeye koklea yake yaweza kuanza kugeuka mfupa mapema, na hapo kuchelewa ndio ukatili wenyewe.

Tusidanganyane pia: hata kwa mkono mwepesi kabisa, usikivu uliobaki huweza kufifia miezi kadhaa baada ya upasuaji, wakati mwili unapokizoea au kukikataa kitu kigeni. Ndiyo maana kipimo cha siku chache baada ya upasuaji hakinitoshi. (Na wala kipandikizi si sababu ya mtoto kunyimwa lugha ya ishara, betri ikiisha, mikono bado ipo.)

Kwa hivyo wazazi, mkifika kwa daktari, muulizeni atapitia wapi, atatumia uzi wa aina gani na kwa nini, na kama atatoa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe kama ile deksamethasoni. Kisha ombeni sikio lipimwe likiwa tupu, prosesa (sehemu ya kifaa inayovaliwa nje) imevuliwa, kabla ya upasuaji, halafu tena baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, na karatasi zote mpewe nyinyi. Mkiweza, ziwekeni kwenye lile lile kundi la WhatsApp, ili watakaochangisha baada yenu wajue ni nani alimpasua mtoto na matokeo yakawaje.