Inatolewa, Inarudishwa

Mama Mweka Hazina wa saccos ya soko letu alitaka jambo moja tu: mfumo wa mikopo uhamie kwenye kompyuta mpya kabla ya mkutano mkuu. Kompyuta inaendeshwa na Ubuntu 22.04, mfumo wa mikopo umeandikwa kwa lugha ya Python, data zinakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Nikamwambia aandae chai, kazi yenyewe ndogo.

Chai haijapoa, kioo kikajaa maandishi mekundu. Psycopg2, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL, ilitaka kujengwa palepale kwa lugha ya C. Kwanza ikalalamika haioni pg_config, programu ndogo ya kuielekeza PostgreSQL iko wapi. Nikaipa libpq-dev, kifurushi chenye programu hiyo, ikaridhika, ikahamia kwenye lalamiko jingine: Python.h haipo.

"Pesa za watu zimepotea?" Mama akauliza, mkono kifuani.

"Hapana mama, ni faili dogo tu la heda, la kuisaidia C ielewane na Python."

Python ilikuwemo, 3.10 nzima, ila Ubuntu huziweka heda zake kwenye kifurushi cha pembeni, python3-dev. Unanunua kitanda, unaambiwa chaga zinauzwa duka la pili. Amri moja tu, sudo apt install python3-dev, ingemaliza mchezo. Bando likakata.

Nikatoka kwenda kwa Mangi kununua vocha.

Huku nyuma akaingia mpwa wa Mwenyekiti, anayefleshi simu pale stendi. Akaisoma ile mistari, akaguna. "Python imekufa hii. Inatolewa, inarudishwa." Nywila Mama aliibandika kwenye ukingo wa kioo kwa selotepu, kwa hiyo hakupata taabu. Akaandika amri ya kuondoa python3. Ubuntu ikamwekea orodha ndefu ya vitakavyoondoka nayo, ubuntu-desktop, yaani kifurushi cha madirisha na picha za kioo, ikiwemo, maana vitu vingi mle vinaiegemea Python. Ikamuuliza kama aendelee. Akabonyeza Y. Kisha akaizima na kuiwasha, eti ipumue.

Narudi, nakuta kioo cheusi na neno login peke yake. Mama ameshampigia Mwenyekiti. Wauza nyanya wawili wako mlangoni wanaulizia akiba zao.

"Braza, mimi niliiacha iko fresh," mpwa akasema.

Nikaingia kwa maandishi matupu, nikachomeka simu kwa waya, nikaiagiza ubuntu-desktop irudi na Python yake. Ile python3-dev nikaitanguliza mapema, asije mtu mwingine akapita. Bando la wiki likaisha kabla ya adhuhuri, lakini psycopg2 ikajengeka bila kukohoa, na salio za wanachama zikatokea zote. Wauza nyanya wakahakiki moja moja, kwa sauti.

"Si nilisema?" mpwa akawaambia. "Inatolewa, inarudishwa."

Mama akaagiza mpwa aletewe soda baridi na sambusa mbili. Mimi akaniomba risiti ya vocha. Bila risiti, utaratibu wa saccos haumruhusu kunirudishia hela. Nikarudi kwa Mangi. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti.