Nondo 43, mmoja sikioni

Wadau, najua mmeshaisikia. Rafiki yangu mmoja, ambaye namhifadhia jina ingawa langu yeye hakulihifadhi, ameshatangaza kila mahali kwamba nimekutwa saa saba usiku, nimelewa, naiba nondo za jirani, kisha nikapagawa mbele ya kadamnasi. Katika hayo yote, ukweli ni saa tu.

Chanzo ni sarufi. Usiku mmoja nilihesabu nondo 43, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, kwenye shuka ninalowawekea taa bustanini, asubuhi nikataka kumringishia huyo rafiki. Nikaandika: "Jana usiku nondo 43. Leo naweka taa kali zaidi. Usimwambie mtu." Kidole kikautuma ujumbe kwenye kundi la majirani. Na jirani wa ukuta wa nyuma, mzee mmoja anayejenga, alikuwa na siku tatu tangu apotelewe na nondo za chuma za milimita 12.

Ningeandika kwa maneno, "arobaini na watatu", ngeli ingenitetea. Tarakimu haina ngeli. Na ile "usimwambie mtu" nilimaanisha kitu kidogo sana: kila mgeni huja na tochi ya simu, akimulika huku na kule nondo wanatawanyika.

Usiku huo wa taa mpya ulikuwa wa kuombea. Mwezi haujaandama, mawingu yametanda, joto, hata jani halitikisiki. Mbalamwezi hushindana na taa yako, na upepo huwafanya wadogo wakae majanini. Taa za ndani nilizima zote. Balbu yangu ya zamani ilikuwa ya manjano, ambayo nondo wengi huipita kama hawaijui, kwa hiyo nilikuwa nimebadilisha: taa ya urujuanimno (UV), yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365. Shuka jeupe la pamba, mita 2 kwa 2, nililitundika kwenye kamba kati ya miti miwili na kuacha kama nusu mita itandikwe chini, maana wengi hutua kwenye pindo, na usipowatandikia utawakanyaga. Taa ikakaa mbele ya shuka, usawa wa kifua, sentimita 30 hivi kutoka kitambaani. Pembeni niliegemeza trei nne tupu za mayai, kwa sababu nondo akishatua hutafuta kitundu chenye giza ajibanze, na vile vikombe vya trei ni kama vimetengenezwa kwa ajili yake. Machoni nikavaa miwani. Mionzi hiyo si ya kuikodolea, inataka miwani inayozuia urujuanimno. Yangu ilikuwa ya giza totoro.

Halafu chambo. Kuna nondo ambao taa hawaitaki kabisa lakini kileo wanakifuata. Ponda ndizi mbili zilizoiva hadi kuwa nyeusi, changanya na nusu kilo ya sukari ya kahawia na chupa ya bia, chemsha moto mdogo sukari iyeyuke, acha ichachuke siku nzima, kisha paka kwenye gome la mti jua linapozama. Tumia brashi. Yangu ilivunjika mpini, nikamalizia kwa viganja na nyingine nikajifutia suruali. (Hapo ndipo ilipotoka ile "nimelewa". Nilikuwa nanuka bia tangu kiunoni kwenda chini. Ndani hakuna hata tone.)

Sasa simameni upande wa pili wa ukuta, mahali alipo mzee aliyepotelewa na chuma. Ujumbe ameusoma. Saa saba inafika. Nyuma ya shuka mwanga wa buluu unawaka, vivuli vinapitapita, na katikati kuna mtu amevaa miwani ya giza, ameinama. Nani hapo asingesema nachomelea?

Na nikiri, makosa mawili yalikuwa yangu kabisa. Shati langu lilikuwa jeupe, limefuliwa pamoja na shuka. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha weupe, na chini ya urujuanimno kemikali hizo huwaka rangi ya buluu. Kwa hiyo bustanini tulikuwa mashuka mawili, moja lina miguu. La pili ni tochi ya kichwani. Msivae tochi ya kichwani, jamani. Ishikeni mkononi, iwe na mwanga mwekundu hafifu. Nilikuwa nalijua hili tangu zamani!

Nikasikia, "Huyooo!" Nikageuka, nikainua uso kuelekea ukutani. Vichwa sita vimepangana. Tochi yangu nayo ikainuka, ikawa inamulika juu.

Naomba hapa twende polepole.

Mwaka 2024 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti wa kamera za kasi ulioonyesha kwamba wadudu wa usiku hawaipendi taa kama tunavyodhani. Wanaigeuzia mgongo, kwa kuwa tangu zamani upande wenye mwanga ndio juu. Taa ikikaa chini yao, wanapinduka miguu juu na kuanguka. Niliusoma mara mbili, nikiufurahia.

Basi namwona anakuja. Wa kahawia, urefu kama sentimita moja na nusu, hana makuu. Anafika juu ya paji langu. Anapinduka. Anaanguka shavuni, puu, kama tone la uji. Anajiweka sawa. Anaanza kutembea kuelekea kushoto, na mimi badala ya kumpangusa nikatulia, kwa mazoea ya miaka ya kutowashtua. Hapo nikakumbuka kwa nini tunaweka trei: nondo akishatua hutafuta kitundu chenye giza.

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Akaingia kichwa mbele, akafika mwisho, nafasi ya kugeuka hana. Akatulia. Nikatulia. Nikasema moyoni, labda kalala. Lakini nondo wengi kabla ya kuruka hutetemesha kwanza misuli ya mbawa mpaka ipate joto. Huyu alikuwa anapasha injini, na ngoma ya sikio langu ndiyo iliyokuwa mbele yake. Mlio ule siwezi kuuandika. Fikirini pikipiki imewashwa ndani ya fuvu, na dereva hana haraka.

Nikaruka. Nikaangukia shuka, kamba ikakatika, nikajiviringisha nalo na wote waliokuwa juu yake. Nilipofumbua macho nimezungukwa na miguu. Kwa malezi niliyopewa, nikasema kutoka ndani ya shuka: "Shikamooni."

Kimya. Kisha sauti moja huko nyuma, kwa mazoea tu: "Marahaba."

Mzee akauliza, "Nondo ziko wapi?"

"Moja iko sikioni!"

Ndiyo, nilisema "moja". Ndiyo, nilisema "iko". Hofu ikiingia, ngeli zinatoka.

Mzee akainama, sauti imebadilika, sasa ananihurumia: "Sikioni? Ya milimita ngapi, kijana wangu?"

"Kumi na tano!"

Na fundi wake, Mungu anamwona, akadakia: "Nondo ya kumi na tano haipo, mzee. Kuna kumi na mbili, kuna kumi na sita."

Yaliyofuata ni mafupi. Mmoja alileta njiti ya kiberiti, nikamkatalia, maana njiti humsukuma mdudu ndani na inaweza kutoboa ngoma ya sikio. Nikalala ubavu, wakanidondoshea mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo mpaka kelele zikakoma (mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio asijaribu hata kidogo). Asubuhi kliniki wakamtoa kwa maji ya vuguvugu. Nondo za mzee zilikutwa kwake mwenyewe, chini ya lundo la mchanga. Ameniomba radhi, na sasa kila jioni ananiandikia: "Leo wangapi?" Ile wa- anaiweka kwa herufi kubwa.

Mabaki ya yule nondo hayakutambulika, magamba yote ya mbawa yalibaki kwenye mafuta. Lakini daftari langu haliruki mtu. Saa: 7:20 usiku. Hali ya hewa: mawingu, shwari. Spishi: haikutambuliwa. Idadi: 1. Mahali: sikio la kushoto.