Kutoka Msimbazi hadi Kinnick: nani anaandikwa ukutani?

Iowa City ni mji wa Marekani wenye wakazi wapatao 75,000, uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya, na uwanja wake wa mpira wa Kimarekani unachukua watazamaji zaidi ya 69,000. Uwanja huo si wa klabu ya kulipwa wala wa timu ya taifa. Ni mali ya Chuo Kikuu cha Iowa, na vijana wanaovaa jezi nyeusi na njano za Hawkeyes ni wanafunzi wa chuo hicho. Kwa sisi tuliosoma Dar es Salaam, ambako mechi ya vyuo hutazamwa na wachezaji wa akiba, marafiki zao na muuza karanga, jambo hili ni gumu kulizoea.

Watanzania wengi wa ughaibuni wakiona umati ule husema kwa mkato kwamba ni pesa tu. Pesa zipo, na nitazifikia. Hata hivyo, nimekaa hapa muda wa kutosha kuamini kwamba kinachoujaza uwanja ule ni kumbukumbu inayotunzwa kwa makusudi, na kwamba hapo ndipo sisi wenye Simba na Yanga, timu zinazopendwa kwa kiwango kisichopungua cha hapa hata chembe, tunapojipunja wenyewe.

Jumamosi ya mechi huanza mapema. Wenye nyumba za jirani na uwanja hukodisha nyasi za mbele ya nyumba zao kama maegesho, na mara nyingi utamkuta bibi wa makamo ameketi kwenye kiti cha kukunja akishika kipande cha boksi kilichoandikwa bei kwa kalamu nene, akielekeza magari yapangane bila kukanyaga maua yake. Watu hutoka Des Moines na vijiji vya mbali, huwasha majiko, huchoma soseji na nyama, na kunywa bia saa tatu asubuhi bila aibu. Iowa City na mji jirani wa Coralville zina Wakongo wengi, na wengi wao huzungumza Kiswahili, mzee mmoja wa Bukavu tuliyepita naye barabara ile kwa mara ya kwanza aliangalia moshi na mahema yale, akaniuliza, "Ndugu, hii ni ndoa ao ni matanga?" Leo wajukuu wake wanavaa njano na nyeusi kila Ijumaa shuleni. Mimi mwana Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, nimechelewa kidogo, kwa sababu kuvaa njano, rangi ya Yanga, hadharani bado kunanipa kesi moyoni, na jezi yangu nyekundu hapa haifai pia, maana nyekundu ni rangi ya mahasimu wa Nebraska na Wisconsin.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1929, na tangu 1972 unaitwa Kinnick. Nile Kinnick alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1938 timu yake ilishinda mechi moja tu msimu mzima. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya Eddie Anderson, kikosi chenye wachezaji wachache kilishinda sita, kikafungwa moja na kutoka sare moja. Wachezaji hao waliitwa watu wa chuma kwa sababu wengi wao walikaa uwanjani dakika zote 60, wakishambulia na kuzuia bila kupumzishwa. Katika ushindi wa 7 kwa 6 dhidi ya Notre Dame, Kinnick ndiye aliyeingiza mpira katika eneo la mwisho, na ndiye aliyepiga teke lililoleta pointi ya saba. Alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huo wa 1939, na waandishi wa habari wakamchagua kuwa mwanamichezo bora wa kiume wa Marekani, mbele ya bondia Joe Louis. Alipopokea Heisman alisema anamshukuru Mungu kwamba alizaliwa mahali ambapo vijana wanapambana kwenye viwanja vya mpira, wakati wenzao wa Ulaya wako kwenye medani za vita. Vita hiyo ilimfikia mwenyewe. Aliingia jeshi la majini kama rubani, na tarehe 2 Juni 1943, akiwa na umri wa miaka 24, ndege yake ilivuja mafuta wakati wa mazoezi karibu na pwani ya Venezuela, ikaanguka baharini. Mwili wake haukupatikana.

Nje ya uwanja kuna sanamu yake ya shaba. Aliyeitengeneza hakumvalisha jezi. Amemvalisha nguo za mwanafunzi, ana vitabu, na helmeti iko chini miguuni pake. Wachezaji wanaoingia uwanjani huigusa helmeti hiyo wanapopita. Sura yake pia imechorwa kwenye sarafu inayorushwa na waamuzi kabla ya mechi za Big Ten, ligi ya vyuo ambayo Iowa imo, ili kuamua nani aanze na mpira. Kwa hiyo hata timu mbili zinazocheza maili mamia kutoka Iowa huanza mechi kwa kumtazama yule kijana, wapende wasipende.

Sasa tujiangalie. Dar es Salaam tuna Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, na pale Ilala tuna Karume. Tabora wana Ali Hassan Mwinyi, Mbeya wana Sokoine, Shinyanga wana Kambarage. Ni majina ya viongozi, nami siwanyimi heshima yao. Baadhi yao nchi hii isingesimama bila wao. Lakini mtoto anayekulia Temeke au Mwanjelwa anajifunza kutokana na mabango hayo kwamba mpira unachezwa na wengine na kukumbukwa kwa majina ya wengine. John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bendeji, baada ya wenzake wote waliomaliza kuwa wameshafika, na dunia nzima bado inaonyesha picha zake. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake siku Simba ilipoilaza Yanga 6 kwa 0 mwaka 1977. Watu hawa tunawataja kwenye vijiwe na redioni, kisha tukitoka kijiweni tunaingia uwanja wenye jina la waziri mkuu. Wakenya, lazima nikiri, wametutangulia kidogo, kwa kuwa Eldoret wana uwanja wenye jina la Kipchoge Keino.

Nisije nikaeleweka kwamba Wamarekani hawa wanamkumbuka kila mtu kwa haki. Duke Slater, Mwafrika-Mmarekani, mwana wa mchungaji wa mji wa Clinton, alichezea Iowa kuanzia 1918 hadi 1921. Inasimuliwa kwamba nyumbani kwao hapakuwa na fedha za kununua viatu na helmeti kwa pamoja, akachagua viatu, na miaka mingi akacheza kichwa wazi katika mchezo ambao watu hugongana kwa vichwa. Mwaka 1921 Iowa iliivunja rekodi ya Notre Dame ya kutofungwa, kwa 10 kwa 7, na picha maarufu ya siku hiyo inamwonyesha Slater bila helmeti akiwazuia wapinzani kadhaa peke yake ili mwenzake apite na mpira. Baadaye alisomea sheria katika chuo hichohicho huku akicheza mpira wa kulipwa, akawa hakimu Chicago, akafariki mwaka 1966. Bweni moja la wanafunzi lilipewa jina lake katika miaka ya 1970. Jumba la heshima la mpira wa kulipwa lilimkumbuka mwaka 2020, na uwanja wa kuchezea ndani ya Kinnick uliitwa Duke Slater mwaka 2021, miaka 100 baada ya picha ile. Mzungu alipewa jengo, mweusi akasubiri nyasi. Sipendi kulipaka sukari jambo hili, hasa kwa kuwa mwaka huo huo wa 2020 wachezaji weusi wa zamani walijitokeza hadharani kueleza namna walivyodharauliwa ndani ya timu, na chuo kikalazimika kuleta wachunguzi kutoka nje.

Kuna desturi nyingine iliyozaliwa na aibu ya namna hiyo, ingawa watazamaji wengi wanaiona kama kichekesho tu. Kila Iowa inapocheza na Minnesota, mshindi huondoka na sanamu ya shaba ya nguruwe yenye uzito wa kilo 44 hivi. Mwaka 1934 wachezaji wa Minnesota walimpiga vibaya Ozzie Simmons, nyota mweusi wa Iowa, hata akashindwa kuendelea na mechi. Mwaka uliofuata gavana wa Iowa, Clyde Herring, alitamka kwamba waamuzi wakiruhusu tena mchezo wa namna ile, umati hautavumilia. Ili kutuliza hasira, gavana wa Minnesota, Floyd Olson, alimtumia simu ya maandishi akipendekeza wawekeane dau la nguruwe. Minnesota ilishinda 13 kwa 6, na Herring akampeleka nguruwe mzima mzima hadi ofisini kwa mwenzake. Nguruwe huyo aliitwa Floyd wa Rosedale, kwa jina la gavana na la shamba alikotoka. Mwaka huo huo wa 1935 ndio Yanga ilipozaliwa, na Simba ikafuata mwaka 1936. Kwa umri, basi, utani wetu wa jadi hauna cha kuonea wivu, ila wao walimsubu nguruwe wao katika shaba na kumwandikia matokeo ya kila mwaka, na sisi tunategemea kumbukumbu za wazee ambao kila msikiti na kila kanisa la Kariakoo linawazika mmoja baada ya mwingine.

Desturi nyingine hapa ni changa kuliko nilivyodhani, na zimetengenezwa na watu wanaojulikana. Nyingi ni za Hayden Fry, Mtexas aliyesomea saikolojia na kuwa kocha kuanzia 1979 hadi 1998. Chumba cha kubadilishia nguo cha wageni alikipaka rangi ya waridi, akiamini kwamba rangi hiyo inapoza ukali wa mtu. Uwanja ulipokarabatiwa, hata vyoo na sinki vya chumba hicho vikafanywa vya waridi. Ndiye aliyewafundisha wachezaji wake waingie uwanjani kwa kundi moja wakiwa wameshikana mikono, taratibu, bila mtu kumtangulia mwenzake. Mwaka 1985, wakulima wa Iowa walipokuwa wakinyang'anywa mashamba kwa madeni, alibandika kwenye helmeti za vijana wake herufi ANF, kumaanisha Marekani inawahitaji wakulima, na herufi hizo zipo hadi leo. Aliyemrithi, Kirk Ferentz, yupo tangu 1999. Makocha wawili tangu 1979! Kwetu idadi hiyo inaweza kupatikana kabla ya mzunguko wa pili wa ligi kuanza.

Changa kuliko zote ndiyo inayonigusa zaidi. Hospitali ya watoto ya chuo ilifunguliwa mwaka 2017 kando kabisa ya uwanja, na madirisha ya ghorofa zake za juu yanautazama. Shabiki mmoja alipendekeza kwamba watu wawapungie mkono watoto wale, na tangu msimu huo, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeuka. Wachezaji wa timu zote mbili hugeuka, waamuzi hugeuka, hata mashabiki wa wageni waliokuwa wakizomea dakika moja kabla. Kutoka jukwaani huwezi kuziona sura. Unaona vichwa vidogo vimesogea kwenye kioo, na watu wazima wamesimama nyuma yao. Mechi ikiwa usiku, watu huwasha taa za simu. Hakuna aliyelipa matangazo ili jambo hilo liwepo, wala halikuhitaji karne kuwa desturi.

Nilisema nitazifikia pesa. Kocha hulipwa zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka, wakati wachezaji, kwa miongo mingi, walipewa ada na malazi tu, na hadi 2021 walikatazwa hata kuuza majina yao wenyewe kwa matangazo. Nikilinganisha na kwetu, naona upande wetu una jambo ambalo Iowa haina: Simba na Yanga zilijengwa na wanachama, wabeba mizigo na wauza samaki waliochanga senti zao, na hakuna aliyehitaji kufaulu mtihani wala kulipia chuo ili aseme timu ni yake. Shabiki wa Hawkeyes ambaye hakusoma pale huikaribia timu kama mgeni mpendwa. Shabiki wa Yanga huenda makao ya klabu, Jangwani, kugomba na viongozi, na hakuna anayemwona mgeni. Nyimbo zetu pia ni bora, hilo silijadili na mtu.

Kwa hiyo sidai kwamba tuige nguruwe wala rangi ya waridi. Ninachopendekeza hakina gharama ya kutisha. Majukwaa ya Mkapa yana pande nne, na yanaweza kubeba majina ya wachezaji bila jina la rais kuguswa. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, imewatoa nyota wengi, na kombe lake linaweza kuitwa kwa jina la mmoja wao aliyeanzia shuleni. Vyuo vyetu vinaweza kuanza kwa kutundika ukutani picha na majina ya vikosi vyao vya kila mwaka, jambo linalohitaji fremu na misumari. Mimi ningeanza na jukwaa moja la Kibadeni. Najua watani wetu wa Yanga watadai la mkabala liwe la nyota wao wa zamani, Sunday Manara, watatukumbusha mabao matano waliyotufunga mwaka 1968, na kikao kitavunjika kabla ya chai. Lakini ni ugomvi ambao ningekata tiketi ya ndege kwenda kuusikiliza.