Mswaki wa mti unahukumiwa ukiwa umekauka

Ijumaa, nje ya msikiti huku Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alimwambia mzee muuza miswaki kwamba vijiti vyake vimepitwa na wakati, siku hizi watu wana dawa ya meno.

Hoja yake ina uzito. Floraidi huimarisha tabaka gumu la nje la jino, na Shirika la Afya Duniani linashauri kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,000 hadi 1,500. Kijiti hakifiki huko. Tena upande wa ndani wa magego huufikia kwa taabu, na anayesugua kwa nguvu huumiza ufizi. Hayo sibishani nayo.

Ninachouliza ni kijiti kipi kinachohukumiwa. Mswaki ni kichaka cha nchi kavu. Nyuma ya Usambara, upande wa Mkomazi ambako mvua imekwisha kuishia mlimani, huota hata penye ardhi ya chumvi, na majani yake hubaki mabichi kiangazi. Chukua mzizi mbichi, umenye gamba kiasi cha pingili ya kidole, utafune: ukali utakupanda puani kama haradali. Ukali huo unatokana na mafuta ambayo maabara zimeyaona yakidhoofisha bakteria wa kinywani. Lakini ni mafuta yanayoruka hewani. Kijiti kikianikwa juani siku nyingi, hubaki nyuzi tupu. Mtu hununua hicho, akakitumia mwezi mzima bila kukata ncha, kisha akasema miti haina faida. Brashi ya plastiki iliyochakaa namna hiyo angekwisha kuitupa. Wanaoujua mswaki hukata ncha kila ukali unapokwisha, wakamenya upya.

Halafu kuna mfuko wa kanzu. Brashi hubaki bafuni, kijiti hutembea na mwenyewe. Anayeshika sunna hukitoa kabla ya swala, na swala ni tano. Mwezi wa Ramadhani, Mashafii wetu wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, hukiweka kando jua likishapinduka, kwa kuwa kwao ni makuruhu, jambo lisilopendeza, kwa aliyefunga, lakini miezi mingine adhuhuri, alasiri na magharibi meno yanasuguliwa. Utando wa meno haungoji mtu arudi nyumbani. Ukisuguliwa mchana hukutwa ungali laini, ukiachwa huganda ukawa ukoga ambao brashi haiutoi tena. Sijaona wengi wanaokwenda kazini na brashi mfukoni.

Kwa hiyo kwangu, dawa ya floraidi asubuhi na usiku, na kijiti mchana. Ila tupunguze kudai mizizi. Kichaka kilichokatwa matawi huchipua tena, kilichong'olewa mizizi kimekwisha.

Yule mzee huweka vyake ndani ya gunia lenye unyevu, matawi upande mmoja na mizizi upande wa pili. Mimi nilichukua matawi mawili.